Mama Alikubali, Sasa Anataka Niandike Kwamba Tulikatwa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kuna mkutano wa kijiji na mama yangu, ambaye ni diwani wa kata yetu huku milimani Same, amenipa kazi ya kumwandikia hotuba kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, nami nimekwama kwenye sentensi moja tu. Tangu mwaka jana kila kaya imetoka kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kupandisha mawe ya kujengea zahanati, hata mimi nimebeba, na watu walimtuma mama akaiombee bajeti ya halmashauri, lakini fedha hazikutosha miradi yote, akapatana na diwani Yunus wa tambarare kwamba daraja lao la miguu litangulie, kwa kuwa wanafunzi wa kule wanavuka korongo lenye maji, na zahanati yetu ingoje mwaka ujao. Sasa anataka niandike kwamba halmashauri imetukata kwenye bajeti. Nilimwambia, "Lakini mama, wewe ulikubali." Akajibu, "Nilikubali, ndiyo, na ningekubali tena. Ila si wewe utakayesimama mbele ya mzee Eliufoo." Huyo ni jirani yetu, na kila akipita humtania, "Mheshimiwa, mawe yameota majani, tuyavune lini?" Mama hucheka, halafu hali chakula. Sitaki kumwaibisha, na sitaki kuwadanganya watu niliobeba nao mawe. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikukaripie kidogo: unaandika kana kwamba mama ametenda dhambi kwa kukubali. Hapana. Diwani hutumwa na kata moja, lakini hukaa meza moja na kata nyingine, na asiyeachia kitu hurudi mikono mitupu. Kosa ni hilo analotaka kusema Jumamosi. Watu wakigundua, hawataulizia zahanati tena, watauliza ni mangapi mengine aliyowaficha.

Kwa hiyo usiiandike sentensi hiyo. Mwambie kwa heshima, mkiwa wawili, na umpe nyingine badala yake: "Nilikubali daraja litangulie, na sababu ni hii." Kisha mwulize jambo ambalo hukuniambia: makubaliano na Yunus yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao? Kama yameandikwa, aende na nakala aisome. Kama ni ya mdomo tu, amfuate Yunus kesho, aje mkutanoni ayaseme mwenyewe. Aliyepewa daraja hashindwi kupanda mlima.

Wapo watakaokasirika, na wana haki. Wewe andika hotuba fupi. Maswali atajibu mama.