Luneti ya Emery

Benita, niko mlangoni mwa duka la bunduki.

Miezi minne namwambia bwana yangu Emery avae luneti, macho yake yameharibika. Leo akasema twende mjini tuchague luneti. Nikamshukuru Mungu.

Kumbe ni luneti ya bunduki, ile darubini ya kulengea. Ya bunduki, Benita. Ati walinzi wenzake wanalenga shabaha za mbali, na yeye anataka kuanza.

Muuzaji akamwambia anayeanza achukue bunduki nyepesi, ila luneti ndiyo aichague vizuri. Emery akachungulia, akalenga picha ya swala ukutani, akaniuliza kwa Kiswahili, "Yule mzee ni nani?"

Yule mzee. Swala ana pembe, Benita.

Muuzaji hajui Kiswahili, hakuelewa. Akatabasamu, akaleta fomu ya leseni.

Sasa Emery ananiita nikamsomee, ati maandishi ni madogo.