Bibi Mo Sau-wan, Uliyemfundisha Mama Misemo ya Kikantoni

"Usimwandike!" Shangazi Fung-yee anapiga kelele. "Mtu wa Harbin aseme eti ni mwanafunzi wa mama yangu? Huyu aliyetuaibisha msibani?"

"Dada, basi bwana!" Baba naye kapaza sauti.

Bibi, mwaka umekatika tangu ututoke, na wanao hawajaelewana hata kuhusu hili tangazo lako la kumbukumbu, la gazetini. Kalamu ninayo mimi, kwa hiyo naandika.

Mama alitoka Harbin, huko kaskazini ya China, akaja Hong Kong hajui Kikantoni. Ukamsimamisha kwenye kibanda chako cha tofu pale Sham Shui Po, ukawa unamfundisha misemo huku mnauza. Yeye alitaka maana tu, haraka haraka. Wewe unamuuliza, "Haya, utamwambia nani? Akiwa kwenye hali gani?" Akikosea unacheka mpaka unashika meza, halafu unampa bakuli la maziwa ya soya, ya moto.

Mzee Tam jirani alipofariki, Mama alimshika mjane mkono, akasema kwa upole wote, "Pole mama. Nasikia mzee ameenda kuuza mayai ya bata ya chumvi." Maana aliijua, ni kufa. Hakujua kwamba msemo huo ni wa utani, msibani hausemwi. Watu wakaanza kuguna. Ukasimama wewe: "Nigombezeni mimi. Nilimpa maana, sikumwambia pa kuisemea." Ukamwinamia yule mjane, na mgongo wako ule mbovu.

Tangu siku hiyo Mama hakutumia msemo tena nje ya kibanda chako. Ulipoondoka, akaacha kabisa.

Mpaka leo, Bibi. Shangazi anafoka, eti jina la Mama likae mwisho, baada ya binamu wa Makau. Mama akaweka kikombe chini, pah!

"Wifi, mate yako mengi kuliko chai!"

Hivyo hivyo ulivyokuwa ukimwambia Shangazi akizidisha maneno. Sauti ile ile. Shangazi kaduwaa, kacheka, halafu machozi yakaanza kumtoka.

"Mwandike," kasema. "Mwandike wa kwanza."

Haya. Unakumbukwa na mkweo Jiang Xuemei, mwanafunzi wako. Wanao Fung-yee na Kwok-leung. Na mimi mjukuu wako Tsz-hin. Hatutakusahau, Bibi, tukifungua mdomo tu upo.

Tangazo nalipeleka gazetini kabla hawajaanza tena. Huyoo nimetoka, mlango naufunga.