Dawa Niliyosema Niliitupa

Busia, Ijumaa asubuhi

Kwa Dada yangu Athieno,

Pokea salamu, Dada, kabla sijakupa mzigo. Mguu unaendeleaje? Ulisema ule wa kushoto unavimba ukishinda shambani. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anawazungusha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, suti ya kijivu bado inanikaa. Ila ndani si mzima, na ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya simu. Kwa simu nimejaribu mara tatu wiki hii. Ukisema tu haloo, mimi naanza kukuchekesha, nakupa habari za watu na mbuzi wao, halafu nakata. Kwenye karatasi sikusikii ukicheka, labda nitafika mwisho.

Awor, wewe mpwa wangu unayemsomea mama yako, soma pole pole, na usiruke mahali hata ukiona aibu kwa ajili ya mjomba. Naandika Kiswahili kwa sababu Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, kwa kalamu sikufundishwa. Shule yangu iliishia darasa la nne, na Kiswahili hiki nilikipata kwa marehemu baba yako, kile chake cha kambi ya jeshi, nikaongeza cha hapa mpakani.

Dada, hujawahi kuniona nikihubiri. Acha kwanza ujue mdogo wako amekuwa nani. Mimi ndiye mwinjilisti wa vijana huku Busia. Ukishuka stendi ukamtaja Obbo watakuuliza, yule wa spika? Nimehubiri pale kwenye foleni ya malori mpaka dereva wa mafuta akazima injini akashuka analia. Siku moja nilisimama mguu mmoja Uganda, mguu mmoja Kenya, askari wa pande zote mbili wakavua kofia, watu wakaokoka nchi mbili kwa sala moja. Vijana wa boda, wasichana wa saluni, wale wanaovusha sukari kwa baiskeli, wote wananiita Mzee Moto. Lunyo, Masaba, Dabani, kote nimefika na spika yangu. Kwa askari nimeongeza kidogo. Aliyevua kofia alikuwa mmoja, na siku hiyo kulikuwa na joto.

Lakini watu hawafuati sauti yangu. Wanafuata ushuhuda wangu, na huo ushuhuda ndio unaoniua sasa.

Wewe unajua nilivyokuwa. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka tisa, pale jikoni, nikaangukia moto, na mkono wangu wa kulia hadi leo una ngozi kama gome la mti. Tangu siku ile nikawa na sahani yangu peke yangu, kikombe changu, mkeka wangu mbali na wa wengine. Watoto wa baba mdogo walipoona naanguka walikimbia wameziba mdomo, wakidhani mate yangu yanaruka. Mwalimu akanirudisha nyumbani na barua. Mama alichoka, Mungu amrehemu, akawa ananifunga kamba kiunoni kwenye nguzo ya ghala akienda shamba, nisiangukie moto tena. Ni wewe uliyekuja kuifungua. Ulikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Ukanishika mkono tukaenda kwa miguu mpaka zahanati ya masista, na kila mwezi tukarudi, miaka saba, wewe na mimi na lile daftari la shule walilokuwa wanaandikia dawa zangu. Asubuhi uji na kidonge, "fungua mdomo nione." Jioni tena, "fungua mdomo nione." Yule kijana wa Mulanda aliyekuja kukuposa akasikia kwenu kuna kifafa, akageuza njia. Hukunisema hata siku moja. Nikaanza kuanguka kwa nadra, kisha nikaacha kabisa, na yule sista akapunguza vidonge kidogo kidogo mpaka akasema sasa basi.

Nilipokuja huku kubeba magunia kwa baiskeli nikawa mlevi, hilo unalijua, uliwahi kuja kunitoa kwenye mtaro na kitenge chako kikachafuka. Ila nilivyookoka sijawahi kukusimulia. Kwaya ya vijana ilikuwa imemaliza kuimba karibu na tulipokuwa tunapumzisha baiskeli. Walikaa chini wakapitisha jagi moja la maji. Likanifikia na mimi, nikanywa, nikabaki nimelishika. Msichana aliyefuata akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Dada, mimi nilikuwa na kifafa." Akasema, "Sasa kifafa na kiu yangu vinahusiana nini? Leta." Akanywa palepale nilipoweka mdomo, hata hakufuta. Nililia mbele ya wabeba mizigo wote. Yesu wa msichana yule ndiye niliyemfuata, na pombe sijaigusa tena.

Ukweli wangu ni huo, Dada, na mara ya kwanza nilisimama nikautoa hivyo hivyo. Kumbe kabla yangu alikuwa amesimama mtu aliyesema alikaa miaka mitatu chini ya ziwa na majini, anakula kwenye sahani za dhahabu. Watu walianguka chini. Mimi nikaja na sista, uji na jagi la maji. Mama mmoja wa mbele akamwita muuza karanga. Nikarudi kukaa nimekunjika kama mwavuli.

Mkutano wa pili nikasema nilikuwa naanguka mara saba kwa siku. Wa tatu nikasema niliangukia mto Malaba na mamba akanipisha. Wa nne, Mungu anione, nikasema nilichukua mkebe wa vidonge nikautupa chooni, nikaliita jina la Yesu, na kuanzia saa hiyo sikuanguka tena. Uwanja mzima ukasimama. Ni miaka kumi na moja sasa, sijatoa mwingine.

Kuna baya kuliko hilo. Awor, hapa ndipo nilisema usiruke. Ndani ya ushuhuda wangu kuna mwanamke anayenikimbiza na kikombe cha uji mkono huu na kidonge mkono huu. Naigiza sauti yake, "fungua mdomo nione." Naigiza anavyotembea. Halafu mimi namgeukia nasema, "Rudi nyuma yangu, Shetani." Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mwanamke huyo ni wewe, Dada. Ndiyo sababu miaka yote hii sijakualika hata mkutano mmoja. Nilikuwa nakwambia barabara mbaya, nakwambia mvua, na kutoka kwako Tororo mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Nilitaka dunia nzima inisikie isipokuwa wewe.

Sasa sikia yaliyonipata. Kuna kijana wetu anaitwa Wandera, miaka ishirini, mpiga ngoma wa kwaya ya vijana. Baba hana. Mama yake ni Taaka, anauza samaki wakavu sokoni. Wandera ana kifafa kama changu, na alikuja kwetu kwa sababu alinisikia nikishuhudia. Dawa alikuwa anameza vizuri, mwaka mzima hajaanguka. Jumapili moja mwezi uliopita, nilipomaliza, akasimama, akatoa pakiti mfukoni, akaenda mpaka choo cha nyuma ya kanisa, vijana wanamfuata wanaimba, akaitupa humo. Aliporudi nilimshika mkono nikauinua juu kama wa bondia aliyeshinda. Mimi niliyekuwa najua.

Siku ya tano akaanguka. Siku ya nane mara mbili. Jumatatu hii akaanguka na ikakataa kukoma. Ikiisha moja inaanza nyingine kabla hajafungua macho. Tulimpakia kwenye boda, mimi nyuma nimemkumbatia, mama yake anakimbia kwa miguu na aproni ya samaki. Hospitalini wakamchoma sindano, ikatulia. Daktari akamwambia mama yake mbele yangu, "Ikirudi hivi na hana dawa mwilini, anaweza asiamke." Vidonge wakampa vingine. Viko mezani kwao, hajavigusa.

Jumatano nikaenda kwake. Nikakaa kwenye kigoda, suti na yote.

Nikasema, "Wandera, mwanangu, dawa mimi sikutupa. Nilimeza miaka saba."

Akatabasamu. "Mzee Moto, unanijaribu."

"Sikujaribu. Nilidanganya."

"Mzee, si ni wewe ulitufundisha? Ulisema Shetani akifukuzwa mlangoni anarudi na sauti ya mtu unayempenda, anakwambia meza kidonge."

"Nilisema. Nilikuwa nanogesha."

"Basi leo ameazima sauti yako. Sikukasirikii, Mzee. Piga magoti nikuombee."

Nikapiga magoti, Dada. Kijana ambaye ulimi wake una kidonda pale alipojiuma, hata kusema anasema kwa shida, akaniwekea mkono kichwani akakemea roho ya woga initoke. Na anaomba vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Mwinjilisti, sasa tushike lipi? Maana lile la kwanza ulilisema vizuri zaidi."

Jana kwenye maombi ya vijana nikasimama mbele ya wote nikasema nilidanganya, ni dada yangu na vidonge vya masista vilivyoniponya, na Mungu alikuwa humo humo. Wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Mnaona unyenyekevu wa mtumishi?" Nikawaambia siyo unyenyekevu, ni ukweli, wakapiga zaidi. Nikamwendea mchungaji, akaniambia nipumzike, nimehubiri sana mwezi huu. Miaka kumi na moja nimekuwa fundi wa maneno, na leo sina neno moja linaloweza kumfanya mtoto wa mtu ameze kidonge.

Lakini Wandera mwenyewe alinipa upenyo. Nilipomng'ang'ania sana alisema, "Kama huyo mwanamke wa uji yupo kweli, aje nimsikie yeye." Alisema kama mtu anayefunga mlango, kwa sababu anadhani hupo.

Dada, njoo. Njoo na lile daftari kama mchwa hawajalimaliza. Uliliweka sandukuni pamoja na kadi yangu ya ubatizo. Jina langu liko juu kwa mwandiko wa sista, na ndani kila mwezi una mstari wake, mpaka ule wa mwisho alipoandika niache. Wandera anajua kusoma, atasoma mwenyewe. Kama limeliwa, njoo hivyo hivyo na mguu wako unaovimba, umwambie kwa mdomo wako. Mwambie habari za kamba. Mwambie nilivyokuwa naficha kidonge chini ya ulimi na ulivyonikamata. Mimi hayo nikiyasema yanageuka mahubiri. Wewe hujui kupamba, ndiyo sababu ataamini.

Sikuombi unisamehe kwanza. Hilo liweke, utalishughulikia ukirudi nyumbani, na ukiona halisameheki pia nitakuelewa. Vijana wakiwapo, na ukataka kuniita mwongo mbele yao, niite, nitakushikia maiki. Waliomcheka yule mwanamke wa uji wamwone alivyo. Usinihurumie ukidhani utanimaliza. Wakiniondoa nitarudi kwenye baiskeli, magunia mawili bado napandisha mlima bila kushuka. Moja. Moja napandisha.

Ila usichelewe. Tangu Jumatatu ameanguka mara tatu nyingine, fupi fupi. Kila moja nahesabu pumzi zake, nikiogopa ndiyo ile daktari aliyosema.

Nisalimie Baba mdogo Owino, mkubwa wa boma letu sasa, umwambie zile hadithi zangu za redioni si kweli, sijawahi kuhojiwa redioni. Nisalimie shangazi Nyaketcho, anayekusaidia kupalilia, na mkwe wetu Opio, mume wa Awor, kwa kuwajengea jiko jipya. Awor, asante kwa kusoma. Mjomba wako ni huyu uliyemsikia leo.

Dada, huyo aliyekuletea barua, aliyeketi hapo mbele yenu akingoja msome mpaka mwisho, ndiye Taaka, mama yake Wandera. Nilitaka kuituma kwa mtu wa boda, Taaka akakataa, akasema anakuja mwenyewe kukuona kwa macho. Amefunga meza yake ya samaki, mwanawe kaniachia mimi. Alikuwapo uwanjani, alicheka na wengine nilipokuigiza. Mpe maji anywe. Akikuuliza chochote, mjibu. Kisha kama mguu unakubali simameni mje pamoja leo leo, magari ya Busia mchana yapo.

Mimi niko hapa kwao, nimekaa chini karibu na kitanda chake. Akianguka namgeuza ubavu, kama ulivyokuwa unanigeuza. Sijamhubiria tena.

Ni mimi mdogo wako,
Yokana Obbo, niliyemeza kila kidonge ulichonipa