Majivu ya Mulima Wako na Kifua cha Mushiya

Kolwezi, hapa gare ya train, tarehe 14 Aprili 1993

Mpendwa mudogo wangu Badibanga,

Jambo yako kule Goma, katika jina la Bwana. Uko muzima? Odile na batoto beko bazima? Shiye tuko, Mungu anatuamsha kila asubuhi, na hiyo inatosha.

Barua yako Mama Elise wa kanisa letu aliniletea hapa gare. Nyumba ya Musonoi hatuna tena. Batu balikuja bakasema, "Bakasai, mwende kwenu." Jirani tuliyekula naye sahani moja aliangalia chini. Simuchukii. Ni juma la tatu tunangoja train, tunalala chini ya bache, turubai moja tu.

Usine ya shaba imenyamaza, haitoi tena moshi wala vumbi. Mbingu iko safi, bluu mpaka mutu anasikia usingizi. Kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, nimeweka sahani yangu ya kupimia vumbi juu ya paa ya gare. Bibi yangu Tshiela ananicheka: "Tata Kalonji, bamekufukuza kazi, bamekufukuza nyumba, sahani tu ndiyo imekataa kukufukuza." Asubuhi naikuta nyeupe, bila vumbi, nadhani naota. Na mutoto wetu Mushiya, aliyekohoa tangu kuzaliwa, sasa analala bila kukohoa.

Unatuita tuje kukaa kwako. Nilifunga macho nikaona ziwa, nikaona mulima wako wa moto unavuta tumbako polepole, na wewe chini yake na kile kioo kinachotazama jua kupitia moshi na kuhesabu majivu. Kazi hiyo inafanana na sala.

Lakini hesabu yenyewe uliniandikia pia. Unakumbuka chef wa usine alitaka nipulize sahani kidogo mbele ya kuipima, ili vumbi lionekane kidogo, mi nikakataa? Wewe ulitamani sana tuje, na bado hukupuliza hesabu yako. Uliandika kwamba batu wa upande wenu banafagia majivu juu ya paa kwanza, ndipo bakinge maji ya mvua. Nimelinganisha na daftari langu: majivu yako ni mara tatu ya vumbi la usine siku zake mbaya.

Basi hatutakuja, mudogo wangu. Tutashuka Mwene-Ditu kule Kasai, kwao baba, pahali mi sijapaona hata siku moja. Usikasirike.

Nilimwambia Tshiela. Lile ziwa naye alikuwa ameliota. Kisha akaweka sikio kwenye kifua cha mutoto, akasikiliza kwa muda murefu. Akasema, "Tuende Kasai."

Unisalimie Odile, Kazadi na Jessica. Bwana akulindie macho na pumzi.

Ni mi mukubwa wako, nisiyeacha kukupenda,
Kalonji