Chotara wa Mferejini

Mdogo wangu Atieno,

Sokoni mnaendeleaje? Huku Birmingham baridi inaingia hadi kwenye meno.

Jana nilimkuta mzee akivua kwenye mfereji wa mashua, karibu na kwa Awino wangu. Kwa mazoea ya sokoni nikamfunua samaki wake matamvua kwa kidole, nikauliza bei. Alishtuka utadhani nimemtia mkono mfukoni! Awino akanivuta: "Mama, huku hawauzi. Wanarudisha majini."

Mzee akasema kwa uchungu kwamba yule ni chotara wa samaki wa aina mbili, na kwamba mito yao imejaa hao huku wale wa asili wakipungua. Kisha akamrudisha majini taratibu, aende akazae tena!

Nilitaka kumcheka, ila nikamkumbuka ngege, yule perege wa asili aliyekuwa akivuliwa na baba. Naye aliletewa perege wa kigeni ziwani, akazaa nao mpaka akaisha. Huyu mzee angalau anajua alichopoteza. Wewe na mimi tunauza chotara kila asubuhi, tunamwita ngege, na wateja wanatusifu.

Nisalimie watoto, na goti lako ulikande. Nikirudi usinipikie ngege. Nipikie omena, dagaa wetu, hao bado ni wenyewe.

Dadako, Akoth