Kioo Hakina Vinundu

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimekuacha. Shemeji na watoto wape salamu zao sasa hivi kabla hujaendelea, maana ukiendelea utasahau. Kuhusu sisi, ningependa kuandika kwamba hatujambo kabisa, kama barua zinavyotaka, lakini leo siwezi.

Usishangae kuona barua imechapwa. Mwandiko wangu unaujua, wewe ndiye uliyesema kuku akikanyaga wino ananishinda. Na usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, unatoa amri, halafu unaniaga. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho, na njia pekee ya kukunyamazisha ni karatasi.

Ni habari za kishikwambi ulichotutumia.

Kilipofika tulikifurahia, sitasema uongo. Ni chepesi, kinakaa na chaji, na umeme ukikatika hakizimiki na kazi ya mtu tumboni kama ile kompyuta yetu ya mezani, aliyokuwa akichapia mama kazi za wateja dukani. Mama anakiwekea sauti kinamsomea habari huku akipika. Ulituambia huko kazini kwenu watu wanafanya kila kitu kwa vidole juu ya kioo, kwamba lile boksi letu limepitwa na wakati, nimpe fundi alifanye spea. Nilitii. Fundi akaja, akabeba boksi, skrini, kibodi na fungu zima la waya. Mama alikwenda uani akakaa huko mpaka fundi alipoondoka. Nikadhani ni uchungu wa mazoea tu, nikamtania kwamba ameachika.

Halafu ile siku uliyopiga simu ya video, unakumbuka ulicheka ukasema mama anaangalia ukuta badala ya kukuangalia wewe? Mimi nami nikacheka, nikamshika kidevu nikamgeuza. Kaka, kicheko kile sasa kinaniuma.

Kuna jambo hulijui kwa sababu umeondoka siku nyingi. Zamani mama alikuwa akichapa kwa kuangalia karatasi ya mteja. Siku hizi haishiki kabisa. Mteja anakaa kwenye kile kiti cha plastiki, anajisomea mwenyewe kwa sauti, na mama anachapa huku uso ameuelekeza mlangoni. Wanafunzi wanasema yule mama anaringa. Mimi nilikuwa najivunia, nikiwaambia ndivyo wanavyofanya mabingwa. Akimaliza, mimi ndiye ninayekagua na kutoa nakala kwenye printa. Mtindo huo ulianza taratibu, na sikuwahi kujiuliza umetoka wapi.

Jumanne asubuhi akaja yule wakili mrefu mwenye ofisi juu yetu. Alikuwa na hati ya kiapo ya mteja wake, mama mjane ambaye shemeji zake walitaka kumtoa ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Hati ilitakiwa mahakamani kabla ya saa sita. Mjane mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Wakili akasoma, mama akachapa kwenye kioo, kazi yake ndefu ya kwanza tangu boksi liondoke. Mimi nilikuwa nimebanwa na watu wa kutoa kopi, na kwa kuwa ilikuwa kazi ya mama, nikaitoa kwenye printa bila kuikagua.

Wakili akaanza kuipitia. Mistari ya mwanzo ilikuwa safi. Kisha akaigeuza karatasi, akairudisha. Kutoka hapo kwenda chini hapakuwa na neno hata moja. Ni herufi tu zilizomwagika kama shanga zilizokatika uzi, ukurasa mzima. Alidhani mashine imeharibika. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba mashine ni nzima, ila kioo hakina vinundu. Hatukumwelewa. Akatufafanulia kwamba kwenye kibodi, herufi F na J zina vinundu vidogo, na vidole vya shahada vikivigusa, mikono inajua iko wapi. Kioo ni laini, mkono unateleza na hakuna wa kuuambia.

Mjane akauliza kama atalala nje. Nikatoka mbio kwa fundi, kandambili moja ikabaki njiani.

Skrini alikuwa ameshaiuza, boksi ameshalipasua. Kibodi tu ndiyo iliyobaki, imetundikwa msumarini. Fundi akaivuta pamoja na kawaya kadogo ka kuunganishia, akanifuata huku akilalamika kwamba watu hawajui wanachotaka. Akaichomeka kwenye kishikwambi, akakiegemeza kwenye chupa ya chai, kimemgeukia wakili ili aone kinachoandikwa. Mama akaipapasa kibodi, vidole vikapata vinundu vyake, na Kaka, ungemwona. Wakili alikuwa anasoma mbio na bado mama alikuwa anamsubiri.

Walipofika mwisho, wakili akaweka kidole juu ya kioo akamwonyesha mama kwamba hapa jina la mjane limekosewa. Mama akainama, akakaza macho, akasema ameliona.

Alikuwa ameinamia mgongo wa kishikwambi. Plastiki nyeusi tupu.

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Wakili, Mungu ambariki, akamtajia mama mstari, akamtajia herufi mojamoja, polepole, kama vile ndivyo wanavyofanya siku zote. Hati ikafika mahakamani kwa wakati, na mjane bado yuko kwake.

Walipoondoka nikafunga mlango wa duka nikamuuliza mama. Kwanza alinifokea kwamba nafungia wateja nje. Kisha akakaa. Akasema jicho la kulia limeshazima, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akasema uzee ni uzee. Kesho yake nilimburuta kwa daktari wa macho, na daktari akasema si uzee, ni presha ya macho. Kilichokwishapotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, na asicheleweshwe. Amempangia Alhamisi ijayo.

Mama amekataa. Tangu siku hiyo namwomba, nanuna, namwomba tena. Hakiogopi kisu, Kaka. Anakuogopa wewe. Anasema ukijua tu, utafunga duka, utamchukua, utamkalisha kwenye kochi lako na blanketi magotini, na wewe ukishaamua umeamua. Alisema bora apofuke akiwa kwenye kibodi yake kuliko aone vizuri akiwa amekaa sebuleni kwa mtu. Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Alitafuta tu kikombe chake kwa mkono, na hakukipata.

Kwa hiyo sikuombi utume kitu. Nakuomba usiamue. Mpigie, umwambie kwamba duka litabaki na kazi yake itabaki, na useme ukimaanisha, maana sauti yako anaijua kuliko uso wako.

Na sasa nikuambie lililobaki. Barua hii sikuichapa mimi. Niliiandika kwanza kwa mkono ili niichape baadaye, nikiwa nimejificha stoo, mama akanikuta, maana macho yamepungua lakini masikio yameongezeka. Akauliza namwandikia nani. Nikashindwa kumdanganya. Akaniambia niilete mezani nimsomee, kwa sababu mwandiko ule hutausoma. Nimemsomea kila neno na yeye ameyachapa yote, hata yanayomhusu. Nilipofika pale pa mgongo wa kishikwambi, kibodi ilinyamaza. Nilidhani atasimama aondoke. Kisha akaniambia nirudie ile sentensi, sikuitamka vizuri, na akaendelea.

Nisalimie majirani zenu, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Fundi anakusalimu pia, anauliza kama una skrini nyingine ya kumpa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku

Mwanangu, Kasuku ameitwa na mteja nje. Hakuna anayenisomea, haya ni ya kwangu. Siku ile ya video sikukuona hata kidogo, nilikuwa naifuata sauti. Nilicheka kwa sababu nyinyi mlicheka. Natamani nikuone kabla tundu halijaziba. Alhamisi nitakwenda, lakini kwanza uniambie kwa kinywa chako kwamba nikirudi nitaikuta kibodi mezani. Kama kuna makosa hapa, unisamehe, haya hayajakaguliwa na mtu.

Mama