Kompyuta Iliyovalishwa Sweta

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Njombe tu wazima, viazi vimekubali, na babu yako anakusalimu. Unauliza kama uiache kompyuta yako ya zamani au uiongezee nguvu kwa hizo fedha kidogo.

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, nikiwa msichana, nilianzisha chumba cha kuchapa barua Makambako. Nilinunua kompyuta iliyotumika, ya kampuni yenye jina kubwa. Mama yangu aliionea fahari, akaifumia kifuniko cha sufi, nami nikawa naifanyia kazi ikiwa imefunikwa hivyo hivyo, kioo tu kikiwa wazi. Baadaye ikawa nzito kufanya kazi, ikawa inajizima katikati ya kazi, na wateja wakaanza kunihama. Nikadunduliza ninunue memori ya kuiongezea nguvu.

Fundi Salehe alipoiona alicheka. "Dada, umeivalisha sweta! Inaiva humu ndani. Tuivue kwanza, tufute vumbi, ndipo tuweke memori."

Baada ya hapo ilifanya kazi vizuri, nawe anza hivyo hivyo. Mimi kilichonishinda ni kumwambia mama. Nilikuwa nakivua kile kifuniko nikifungua ofisi, na kukirudisha nikisikia anakuja. Siku moja akanikuta mashine iko wazi.

"Kumbe inataka baridi?"

"Ndiyo, mama. Niliogopa utaumia."

"We mtoto! Ungesema tu."

Alikichukua kifuniko chake, akakikung'uta, akanifunika nacho mabegani.

"Basi yenyewe iache ipigwe baridi. Wewe ndiye sitaki upigwe."

Ni mimi bibi yako, ninayekuwaza.